Japani Haiko Kwa Picha za Sushi

Vijana wanaopata nafasi ya kukaa na familia mwenyeji Japani hurudi na stori ileile: sushi, kimono, maua ya sakura. Hizo picha hata mtalii wa siku tatu anazo, jameni.

Mimi naona utamu wa kuishi kwa watu uko bafuni. Ndiyo, bafuni! Kule unajisugua na kujisuuza kwanza, ndipo uingie kwenye hodhi la maji moto. Maji hayo hayamwagwi. Familia nzima huyatumia, mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi mgeni huambiwa atangulie. Ukiingia na povu, umewaharibia wote. Ukichomoa kizibo ukimaliza, hiyo sasa ni balaa. Hapo unaielewa heshima yao kuliko kwa kusoma kitabu kizima.

Lakini ukiona bado unatangulizwa kila jioni, jua wewe ni mgeni tu. Shika jembe basi! Uliza takataka za kuchomwa hutolewa siku gani, maana huwa na siku yake. Osha vyombo. Sema "itadakimasu" kabla ya kula, hata kama ni wali na supu ya miso tu. Kujifungia chumbani ukichati na mabeshte wa Nairobi, hiyo si ungefanya ukiwa Nairobi?

Tena mambo yasiwe ya upande mmoja. Mama mwenye nyumba amekufundisha kukunja futoni, nawe msongee ugali. Akiuliza mbona hutii chumvi, mwambie ni kama wali wake.