Fikra Zinazoitesa Nafsi

Wako waumini katika misikiti yetu, Kasulu na Kibondo, ambao husimama safuni huku mawazo yakiwatafuna. Shamba la maharage likiharibika msimu mmoja, mtu hujiambia: "Mimi sitafanikiwa kamwe." Msimu mmoja keshaufanya umri mzima! Na waliofika Nyarugusu na Nduta mwaka 2015 wakikimbia machafuko ya Burundi walibeba mizigo mizito kuliko huo.

La kusikitisha ni kwamba mtu wa namna hiyo akithubutu kusema, huambiwa imani yake ni haba. Kauli hiyo ni dhuluma. Nabii Yakubu (a.s.) alihuzunika hata akapoteza nuru ya macho, nani atamwambia yeye hivyo?

Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja. Alishauri kwamba mtu, akiwa ametulia, ajiwekee akiba ya fikra njema, kama awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua. Basi mkulima wetu na ajiulize mapema: Ni misimu mingapi nilivuna vizuri? Jirani yangu angepatwa na haya, ningemwambia nini? Majibu ayahifadhi, na huzuni ijapo ayarejee. Yataka mazoezi ya kila siku, kama tajwidi.

Ama asiyelala wala kula kwa majuma kadhaa, au anayetamani kufa, huyo asindikizwe hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake njiani.