Tetemeko la Ardhi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua Makazi Ghorofani

Tetemeko la ukubwa wa 5.9 lililoukumba Mkoa wa Kagera Septemba 10, 2016 lilisababisha vifo na kuharibu maelfu ya nyumba. Somo lake linawahusu pia wanaonunua makazi katika majengo ya ghorofa jijini Dodoma, eneo lililo katika ukanda wa Bonde la Ufa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, mnunuzi humiliki sehemu yake na pia huwa na hisa katika mali ya pamoja ya jengo. Hivyo, nguzo ya chini ikipasuka, hasara humfikia hata mkazi wa ghorofa ya juu ambaye kuta zake hazina ufa.

Rangi mpya na vigae havioneshi uimara wa nguzo. Kabla ya kulipa, mnunuzi anapaswa kuona kibali cha ujenzi, michoro ya mhandisi aliyesajiliwa na taarifa ya uchunguzi wa udongo, na kuuliza iwapo bima ya jengo zima inagusa tetemeko. Muuzaji asiyeweza kuonesha nyaraka hizo anamwachia mnunuzi hatari ambayo punguzo la bei haliwezi kuifidia.