Joto la Nyumba Yako Linakwenda Wapi?

Mwezi huu tunawauliza swali moja: klimatizere inapopoesha chumba, lile joto linakwenda wapi? Wengi wanafikiri linakwisha. Hapana. Linatupwa inje, pamoja na joto la mashine yenyewe. Weka mukono nyuma yake, utasikia.

Hata nyumba isiyo na mashine inakunywa jua muchana kutwa, na usiku inalirudisha polepole. Ndiyo maana usiku katika muji ni wa moto kupita usiku wa mashambani. Luke Howard, mutengenezaji wa madawa wa London, alionyesha jambo hilo katika kitabu kilichotoka kati ya 1818 na 1820, kwa kupima tu na termometre.

Mwezi wa 8 wa 2003, joto kali lilishika Ufaransa. Watu karibu 15 000 walikufa, zaidi wazee, na wengi walikuwa wakikaa peke yao. Waliolala katika vyumba vya juu kabisa, chini ya paa, walikuwa katika hatari zaidi. Na paa nyingi za Paris ni za zinki (ndiyo, zinki, kama ile ya Kipushi). Sisi tunaolala chini ya mabati tunajua maana yake mwezi wa 10 ukifika. Mwili unaokosa kupoa hata usiku unachoka, na mwili wa muzee unachoka mbio.

Basi, kama kila mutu akinunua klimatizere ili asife na joto, muji utakuwa namna gani? Huwezi kufanya jaribio hilo na watu. Wataalamu wanaujenga muji ndani ya ordinatere. Hawachori kila nyumba. Wanachukua barabara kama mufereji: ukuta huku, ukuta kule, lami chini, na paa za pande mbili. Valéry Masson wa Météo-France, kule Toulouse, alitoa hesabu ya namna hiyo katika 2000. Ordinatere inahesabu jua lililoingia, joto lililoshikwa na ukuta, lililobebwa na upepo, na lililotupwa na mashine. Kiisha wanalinganisha na termometre za kweli. Hesabu isiyopatana na termometre, ya nini?

Katika 2013, wataalamu wa Ufaransa walitoa majibu juu ya Paris. Klimatizere zilizokuwapo ziliongeza karibu nusu digrii katika barabara. Nguvu yao ikizidishwa mara mbili, na joto lote likitupwa katika hewa, ni digrii 2. Na ajabu ni hii: joto linazidi usiku, ingawa mashine zinatupa joto nyingi zaidi muchana. Sababu yake, hewa inayochanganyika juu ya muji usiku ni nyembamba. Chumvi kidogo katika sufuria kubwa huisikii. Itie katika kikombe.

Kwetu wenye klimatizere si wengi, lakini wako, na wenye grupe vilevile. Baba, angalia mashine yako inapulizia wapi. Mara nyingi ni katika dirisha la jirani, pale watoto wake wanapolala. Vijana munaojifunza kujenga, anzeni na plafon chini ya mabati, rangi nyeupe juu yake, na mwembe upande jua linapozama. Mashine ikilazimika kuwekwa, ipandisheni ipulizie juu ya paa, mahali pasipolala mutu.