Mtoto Wetu Amefika Sura Gani?



 

Wazazi wetu watukufu na wanafunzi wetu wapenzi, kila muhula unapofungwa swali tunaloulizwa mlangoni ni moja tu: "Ustadh, mwanangu amefika sura gani?" Safari hii jibu letu limewaudhi baadhi yenu. Ni haki yenu tueleze watoto wa madarasa ya chini walikuwa wakisoma nini muhula huu.

Wiki ya kwanza tuliwaita mmoja mmoja na msahafu. Alikuwepo kijana wa darasa la nne shuleni, ambaye amehifadhi Juzuu Amma, sura zote 37. Akaisoma Surat Naba, aya zake 40, bila kutetereka. Kisha tukaweka kidole juu ya neno moja katikati ya ukurasa tukamwambia asome hilo tu. Akanyamaza. Baada ya muda midomo ikaanza kuchezacheza: alikuwa anaianza sura upya kimoyomoyo ili alifikie lile neno. Mwingine alifunua kurasa mbili kwa pamoja, na akaendelea kuusoma ule ukurasa alioruka huku macho ameyakaza kwenye ukurasa usiokuwa wake. Tulicheka kidogo, kisha tukaona haya, kwani hawa si wageni. Ni wanafunzi wetu wenyewe, tumekaa nao miaka.

Kosa la kwanza ni letu sisi walimu. Tumezoea kusomesha kwa sauti moja darasa zima, na katika sauti moja asiyejua hufichwa na anayejua. Zawadi za mwisho wa mwaka nazo tumekuwa tukizitoa kwa kuhesabu sura. Mtoto hufuata kinachohesabiwa.

Hatusemi kuhifadhi ni kazi bure, Mungu atuepushe. Qur'ani ilihifadhiwa vifuani tangu zama za Mtume (S.A.W.). Lakini baada ya vita vya Yamama, walipouawa mahafidhi wengi, Sayyidna Abubakar (R.A.) alimkabidhi Zayd bin Thabit (R.A.) kazi ya kuikusanya, naye akaikusanya kutoka katika vifua vya watu na katika maandishi pia. Viwili hivyo vilikwenda pamoja, na sisi tumemfundisha mtoto kimoja.

Basi tukawarudisha wote kwenye herufi. Walioumia zaidi ni wakubwa, kukaa mkeka mmoja na wadogo zao. Watoto wetu wana bahati, kwa sababu Kiswahili kinawapa tayari th, dh na gh. Taabu iko kwenye qaf na kaf, kwenye ha mbili, na kwenye ayn ambayo wengi huimeza kabisa. Tulitumia siku nyingi hapo, na wala hatujuti. Neno la kwanza la Surat Ikhlas maana yake ni "sema"; ukilisoma kwa kaf linageuka "kula". Mtoto analisema hilo katika sala zake kila siku. Walipoelezwa walivunjika mbavu, na tangu siku hiyo wanasahihishana wenyewe hata njiani. Baadaye tukaingia fat-ha, kasra na dhamma, sukuni na shadda, na kila herufi iliyosomwa ikaandikwa ubaoni kwa chaki.

Somo la udhu lilikuwa na ugonjwa ule ule. Fardhi sita wanaziimba vizuri mno. Tukawapeleka bombani, tukakuta viwiko vikavu. Sasa somo hilo linafanyika bombani, na maji tunayapima kwa kopo, maana israfu nayo ni somo.

Tuliwapa pia maana ya Alhamdu, aya zake saba, kwa msaada wa tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyochapwa 1969. Hapo hatukufika mbali. Tumekomea aya ya tano.

Wapo waliotuambia, "Alikuwa Naba, leo mnamrudisha alifu?" Mzazi mmoja amemhamisha mwanawe, na tunamtakia kheri. Lakini tukumbuke kwamba shule za msingi za Tanzania Bara nazo zilirudi nyuma hivi hivi. Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili waliwekewa mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa kuwa watoto walikuwa wakipanda madarasa na kusoma hawajui. Huko mzazi hakulalamika kwamba mwanawe anafundishwa a, e, i. Kwa nini alifu iwe aibu?

Tunachowaomba ni kidogo. Baada ya Magharibi fungueni msahafu, mwekeeni mtoto kidole kwenye neno lolote, si la mwanzo wa sura. Hata mzazi asiyejua kusoma ataliona jicho la mtoto, kama liko kwenye neno au liko darini. Mama mmoja alianza hivyo, na siku hizi anakuja Jumamosi asubuhi kukaa nyuma ya darasa na daftari lake. Wengine mnakaribishwa, na hamtalipa ada.

Muhula ujao Inshaallah zawadi zitatolewa kwa kusoma ukurasa ambao mtoto hakuuandaa. Yule kijana wetu wa Surat Naba yuko Surat al-Qaria sasa. Anakwenda polepole, kidole hakijabanduka kwenye mstari, na juzi alimsimamisha mwalimu aliyeruka neno.