Tuliopangiwa Mbali

BARAZA LA JUMAPILI
Na Mwalimu Omari Mbwana

Sisi tuliomaliza kidato cha sita katika miaka ya sabini, tukiulizwa habari za maisha yetu, aghalabu hutaja vituo vya kazi kabla hatujataja majina ya watoto. Wala sioni ajabu, kwani watoto wenyewe, na mama zao, na hata lugha wanayoiota usingizini, asili yao ni karatasi moja iliyopigwa taipu wizarani na karani ambaye hakupata kutuona kwa macho.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilipochaguliwa kwenda kidato cha tano Tabora, katika shule ile ile aliyosoma Mwalimu Nyerere zama za Mwingereza, marehemu baba yangu, ambaye bahari aliijua hadi Pemba lakini bara hakupata kuvuka Korogwe, alinisindikiza mpaka stesheni ya Tanga, nami nimeshika waranti ya treni mkono mmoja, na mkono wa pili sanduku la bati lililofungwa kamba ya usumba. Tukapita reli iliyounganisha Mnyusi na Ruvu mwaka 1963, tukaishika Reli ya Kati. Bwenini nilikuta vijana wa Songea, Mwanza na Moshi, kila mmoja akikicheka Kiswahili cha mwenziwe, na muhula haukwisha ila sote tulikuwa na Kiswahili kimoja, kisicho cha kwao wala cha kwetu Pangani.

Tulipohitimu mwaka 1975, Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limekwisha kukata shauri kwamba kijana asiingie Chuo Kikuu moja kwa moja, mpaka apitie Jeshi la Kujenga Taifa na afanye kazi, nako kazini ashuhudiwe mwenendo mwema. Wapo wenzangu waliojiona wamedhulumiwa, na huzuni yao naiheshimu. Mimi nilishika ualimu nikaupenda, na karatasi ya wizara ikanipeleka Sumbawanga: TAZARA mpaka Tunduma, kisha juu ya lori la mahindi, usiku, katika baridi ambayo mtu wa mwambao haijui hata kwa kusimuliwa.

Huko ndiko nilikokutana na ahali yangu, nesi mzaliwa wa Bukoba, naye kapangiwa kama mimi. Wageni wawili hatukuwa na lugha nyingine baina yetu ila Kiswahili, na ndicho walichonyonya watoto. Tulipompeleka kifungua mimba wetu kwa bibi yake, yule bikizee alimkalisha mkekani, akamwekea kiganjani kahawa ya kutafuna kwa taadhima yote anayopewa mgeni wa heshima, akamsemesha Kihaya kwa maneno marefu yenye mahaba. Mtoto akamtazama mamaye usoni ili atafsiriwe. Mke wangu alitafsiri nusu, iliyobaki ikamshinda kwa machozi. Nchi yetu imepata taifa linalosikilizana kutoka Bukoba hadi Mtwara, na ni neema ambayo majirani wengi hawakujaaliwa. Lakini thamani yake ililipwa pia na ajuza kama yule, wala sijasikia akitajwa katika hotuba hata moja.

Baba yangu alipofariki, simu ya maandishi ilinifikia hitma imekwisha kusomwa.

Miaka ya sabuni ya foleni na sukari ya kibali siirefushi, kila mtu wa rika langu anayo habari yake. Nitakalo kulisema ni kwamba katika dhiki ile yote mwalimu aliyepelekwa mbali alikuta, angalau kwetu sisi, nyumba ya shule, ijapokuwa ya bati lililotoboka, na wazee wa kijiji waliomjua kwa jina wiki ile ile aliyofika.

Siku hizi nasikia vijana wakilaumiwa kwamba wanakataa vijiji. Mafunzo ya lazima ya JKT yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013, na fikra ya kumchanganya kijana wa pwani na wa bara ningali naiunga mkono kwa moyo wangu wote. Walakini kumpeleka binti wa miaka ishirini na kitu kijijini, akapange chumba kwa mtu asiyemjua, na fedha ya kujikimu ikamfuata baadaye, ni kudai utii tuliotoa sisi bila ya kutoa kile tulichopewa sisi. Na mume na mke walio watumishi, mmoja Kigoma na mwingine Lindi, wakiandika barua za uhamisho mwaka baada ya mwaka, watalea watoto gani, na kwa lugha ya nani?

Wapangiwe mbali. Lakini nyumba ya mwalimu itangulie kusimama, nauli ilipwe kabla hajapanda basi, na anayeomba kumfuata mwenzi wake ajibiwe ndani ya mwaka ule ule.