Usanifu Ufunzwe Pamoja na Ukweli

Kila duka na kila ofisi ya Serikali Visiwani sasa hutangaza shughuli zake kwa picha na maandishi, na kazi ya kusanifu mabango na vitabu imekuwa riziki ya vijana wengi. Kwa hiyo tunaunga mkono rai ya kuufundisha usanifu huo katika skuli za sekondari, zikiwamo za makanisa. Lakini ufundishwe kwa shabaha gani?

Jambo hili si geni Unguja. Wamisionari wa UMCA, waliofika mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer na Edward Steere, hawakukawia kuanzisha kiwanda cha chapa. Vijana waliokombolewa utumwani walifunzwa kupanga herufi za risasi moja moja na kupiga chapa. Na mwaka 1888 Kiungani ikatoa gazeti la Msimulizi. Aliyekuwa bidhaa jana akawa fundi wa kuhifadhi maneno ya watu.

Mafundisho ya Kikristo yana la kusema juu ya ufundi huu. Kitabu cha Kutoka chasimulia habari za Bezaleli, fundi aliyejazwa Roho wa Mungu ili abuni kazi za dhahabu, fedha na shaba. Basi kazi ya mikono ni karama, wala si kimbilio la walioshindwa masomo. Kitabu hicho hicho chakataza kumshuhudia jirani uongo. Msanifu anayeficha masharti ya mkopo kwa herufi zisizosomeka, au anayeipamba dawa kwa sifa isizokuwa nazo, ameshuhudia uongo ingawa hakufumbua kinywa.

Wala asidhani mtu kwamba hayo ni ya Wakristo peke yao. Waislamu, walio wengi Visiwani, wana urithi mkubwa wa khati na nakshi za milango, na uaminifu katika biashara ni sharti kwao pia. Skuli ya kanisa ikifundisha kwa msingi wa imani yake, bila ya kumlazimisha mwanafunzi wa dini nyingine, itamlea msanifu atakayeaminiwa na jamii nzima.

Tunaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ihakikishe kwamba somo hili haliishii kwenye kubonyeza kompyuta. Mtihani upime ukweli na wepesi wa kusomeka, si uzuri wa rangi tu. Wanafunzi, wa Pemba sawa na wa Unguja, wapewe kazi zenye manufaa: maelezo ya matumizi ya dawa, au ratiba ya boti ambayo mzee mwenye macho hafifu ataweza kuisoma.

Mwananchi aliyedanganywa na matangazo mengi hushuku hata tangazo la kweli. Siku litakapobandikwa onyo la kipindupindu, atalipita bila ya kulisoma. Hasara hiyo itakuwa yetu sote.