Kwa nini yeye, si mimi?

Wiki hii naanza na ujumbe wa dada mmoja, Mtanzania anayeishi Uingereza kama mimi. Mwanzoni mwa 2021 yeye na mumewe waliugua korona wiki moja, nyumba moja, chumba kimoja. Yeye alipata homa ya siku 3. Mumewe alifia hospitali. Hadi leo mawifi zake wanasema hakumfukiza mgonjwa ipasavyo, na wengine wanasema mabaya zaidi. Ananiuliza: "Nesi, kwa nini yeye, si mimi?"

Pole sana, dada yangu. Swali hilo nililisikia wodini zamu baada ya zamu, na wakati ule nilikuwa na jibu la umri na kisukari tu. Tangu hapo nimesoma zaidi.

Ndani ya seli zetu kuna vinasaba, tuseme kitabu cha maelekezo ya mwili. Miaka ya 1940, Barbara McClintock, Mmarekani aliyechunguza punje za mahindi zenye madoa ya rangi, aligundua kwamba baadhi ya vipande vya kitabu hicho huhama kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Wenzake wengi hawakumwelewa. Nobel aliipata 1983, akiwa na miaka 81! Sisi nasi tunavyo vipande hivyo, karibu nusu ya vinasaba vyetu vyote. Vingi havihami tena. Kiasi cha asilimia 8 ni mabaki ya virusi vilivyowaambukiza mababu wa mababu zetu, vikarithishwa.

Sasa, kirusi kikiingia, seli iliyovamiwa hutoa interferoni. Ni kama jirani anayepiga yowe usiku akiona mwizi: nyumba za karibu hufunga milango na kushika marungu. Mwaka 2016 watafiti wa Utah walionyesha kwamba baadhi ya swichi zinazowasha jeni za ulinzi baada ya yowe hilo ni mabaki ya virusi vya kale. Walipokata kipande kimoja kilicho karibu na jeni ya AIM2, seli hazikuweza tena kuiwasha vizuri. Yaani silaha ya adui wa zamani ndiyo tunayolindia nyumba.

Lakini vipande hivi si marafiki tu. Mwaka 2024 watafiti wa Colorado walieleza kuhusu kipande kiitwacho Alu kilichojipenyeza ndani ya jeni ya kipokezi cha interferoni, yaani sikio la seli. Kwa sababu yake mwili hutengeneza pia sikio la bandia, linalonasa yowe bila kupeleka habari ndani. Walipoliondoa katika seli za maabara, seli hizo zilipambana vizuri zaidi na virusi vya korona na vya dengi. Usiharakishe kulilaani. Interferoni ikizidi hudhuru mwili wenyewe, kwa hiyo huenda breki hiyo ina kazi yake.

Kinachogusa swali lako zaidi ni jeni ya OAS1. Watu wengine hutengeneza protini yake ikiwa na mkia wa mafuta, unaoibandika pale hasa kirusi cha korona kinapojizalisha. Wengine hawana mkia huo, na utafiti wa Glasgow wa 2021 uliona kwamba waliokuwa nao walielekea kuugua kwa nafuu. Kwa binadamu tofauti hiyo ni ya herufi moja tu ya vinasaba. Kwa popo wa jamii inayobeba ndugu wa kirusi hiki, mkia ulipotea mamilioni ya miaka iliyopita kwa sababu kipande kinachohama kilitua juu yake.

Sijui mumeo alikuwa na OAS1 ya aina gani. Hatukupima hilo wodini, na hata tungepima, ni sababu moja kati ya nyingi. Ninachojua ni kwamba watu wawili wanaweza kuvuta kirusi kilekile kwenye chumba kilekile, mmoja mwili wake ukapiga yowe mapema, mwingine ukachelewa. Mvuke wa nyungu haufiki huko.

Waonyeshe mawifi ukurasa huu. Wakikataa kuusoma, nipe namba ya yule mkubwa, nitampigia mwenyewe. Jumapili sina zamu.